Jino la Tatu

Kalia nyuma, bonyeza, achia.
Shokapu nzima hurudi mara moja ikatulia,
kama mtu aliyekwisha kuitikia salamu.
Yangu ilirudi mara nne,
na ya tano ilikuwa mgongo wangu.

Agosti, Wadi Kabir, saa nne asubuhi,
bati la gereji linalia kwa joto.
Biju amepiga magoti,
anapitisha kidole chini ya sili ya kushoto,
anakinusa, ananionyesha:
oili nyeusi yenye mchanga wa njia ya Amerat,
matuta yote niliyoyapanda bila kuyaomba radhi.
"Hii imekufa," anasema, kwa Kiarabu chetu cha gereji
kisicho na vitenzi vya kutosha.
"Na ya kulia?"
"Ya kulia nzima."
"Basi badilisha moja."
Akanitazama kama muuza viatu
aliyeombwa mguu mmoja.

Mpya, kutoka Dubai: riyali arobaini na nane jozi,
siku kumi, huenda kumi na tano,
nazo zimechomelewa mdomo; zikifa, zimekufa.
Hizi za zamani zina hesi, zinafunguka.
Sili mbili, oili, mpira wa chini, ufundi:
riyali kumi na saba,
na dhamana ni uso wake.

Nikakaa juu ya tairi bovu na chai ya maziwa
iliyokwisha kufunga utando.
Wahenga walishamaliza habari ya ufa na ukuta;
habari ya springi waliniachia mwenyewe.
Kipya kinyemi, walisema hilo nalo,
kisha wakaongeza: ingawa kidonda.

Nikampigia Zuweina.
"Goti langu," akasema, "lilikarabatiwa au lilibadilishwa?"
"Lilibadilishwa."
"Na nikipanda ngazi?"
"Linalia."
"Basi. Mwambie kwanza afungue atazame.
Yule daktari alitazama picha tu."
Akakata simu; kuna kitu jikoni kilikuwa kinaungua,
nilikisikia.

Biju akafungua. Akafuta fimbo za chuma kwa kitambaa,
akapitisha ukucha taratibu, juu mpaka chini.
Ya kulia: ukucha uliteleza kama juu ya kioo.
Ya kushoto: tk.
Akarudi nyuma kidogo. Tk.
Kidonda cha kutu, kidogo kuliko punje ya mtama,
chumvi ya hewa ya Matrah, miaka ya kuegesha nje.
Sili mpya ingepita hapo wiki tatu, ikachanika.

Jawabu likawa hilo. Nikatoa pochi
nihesabu arobaini na nane.
Biju akanizuia kwa mkono wa grisi,
akaingia stoo; nikasikia mabati yakianguka,
laana moja ya Kimalayalamu,
akatoka na kopo la maziwa ya unga limejaa dizeli
na ndani yake fimbo ya pikipiki ndugu ya hii,
iliyogongwa na lori kule Barka.
Ukucha. Juu mpaka chini.
Kimya.

Riyali ishirini na mbili. Sijui niite nini:
kukarabati sivyo hasa, na kubadilisha sivyo.

Mwishoni akashika ile pete ya kukazia springi.
"Jino la ngapi?"
Lilikuwa la tatu. La tatu ni la watu wawili.
Tangu goti, Zuweina hajapanda, nami sikuwahi kuligusa.
"La kwanza laini," akasema. "Mgongo utashukuru."

Nikatazama kiti cha nyuma,
ngozi yake ilivyobonyea upande mmoja,
maana alikaa upande, miguu pamoja,
vidole viwili vimeshika mkanda wangu,
viwili tu, kana kwamba pikipiki ni yake
na mimi ndiye abiria.

"Acha la tatu."